Mama, mama mkubwa, na sasa dada: nikatwe maziwa nikiwa mzima?

#1 Mwana wa Wete

Assalaam alaykum wana ukumbi. Huu uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite.

Mie kwetu Wete, nnakaa Unguja upande wa Mwanakwerekwe. Nina miaka 34 na watoto watatu, wa mwisho ana miezi kumi na sita na bado ananyonya. Siumwi. Hilo mlishike, maana shida yangu yote iko hapo: siumwi popote, na nnafikiria kukatwa maziwa yote mawili, yaani matiti.

Mama yangu aliona kitu kama goroli ndani ya ziwa la kushoto msimu wa karafuu wa 2008. Hakumwambia mtu. Jioni tukikaa kuchambua karafuu yeye kaubana mkono wa kushoto ubavuni, kama mtu aliyeficha kitu kwapani, na anachambua kwa mkono mmoja. Sisi watoto tukamcheka kuwa kazeeka. Ilipita miezi minane. Kombe kanywa, kafukizwa, kasomewa. Alipovushwa Dar kwenda Ocean Road ziwa lilishafanya kidonda. Alifariki 2010, miaka 44.

Mama mkubwa, dada yake, alitangulia akiwa na miaka 51, lakini yeye tumbo. Lilijaa maji likawa kama la mja mzito, na watu wakasema katupiwa na mke mwenza. Hakuna aliyewahi kuyaunganisha haya mawili. Ziwa ni ziwa, tumbo ni tumbo.

Mwaka jana ikawa zamu ya dada yangu, miaka 39. Daktari Dar kamuuliza, "Kwenu nani mwengine?" Akawa anahesabu vidole. Alipolitaja tumbo la mama mkubwa, daktari akaweka kalamu chini. Damu ikapelekwa India, majibu yakarudi: hitilafu ya kurithi katika jeni la BRCA1. Tukaambiwa ndugu wa tumbo moja tupime, kila mmoja wetu ni nusu kwa nusu. Nikapima. Ninayo.

Nilimpigia bibi Wete nimueleze kuwa ukooni mwetu kuna jeni la saratani. Kasema, "Si nasema siku zote! La bara hilo au la baharini?" Nilikuwa nnalia ikabidi nicheke. Nikamwambia jeni bibi, sio jini. Kanijibu: "Yote mamoja, mwanangu. Si yanarithiwa?"

Pole msinipe, nishapewa za kutosha. Nnataka mtu aliyepitia, au anayejua, anieleze.

#2 Jongoo la Mji

Astaghfirullah. Mtu mzima wa afya ajikate kiungo kwa kuogopa kesho? Hayo mambo ya waigizaji wa Marekani hayo.

#3 Mwani wa Paje

Jongoo, umesoma lakini mpaka mwisho? Watu wawili washakufa hapo na wa tatu mgonjwa.

#4 Nesi Mstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, sasa nnakaa na wajukuu. Nnaandika polepole mnisamehe.

Kwanza hiyo BRCA ni nini. Mmeshaona mafundi wanavyotia kalafati jahazi: pamba na mafuta, ufa kwa ufa. Ndani ya kila chembe ya mwili nyuzi za DNA hukatika kila siku, na BRCA1 na BRCA2 ni mafundi wa kuziba. Kila mmoja wetu kapewa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Anayerithi iliyoharibika anaanza safari na fundi mmoja badala ya wawili. Jahazi linaelea, hana tatizo. Lakini siku yule mmoja naye akiharibika ndani ya chembe moja tu ya ziwa, maji yanaingia na hakuna wa kuziba. Kwa hivyo hujarithi saratani. Umerithi upungufu wa fundi.

Hesabu sasa. Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliofuatilia wanawake karibu elfu kumi wenye hitilafu katika vinasaba (jeni) hivi. Wenye BRCA1, 72 katika kila 100 walikadiriwa kupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80. BRCA2, 69. Saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai tumboni, ni 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Kwa kulinganisha, mwanamke wa kawaida kule Marekani ni kama 12 au 13 katika 100 maisha yake yote. Na ya BRCA1 huja mapema, na mara nyingi ni ile aina isiyoitika dawa za homoni, aina ambayo wanawake weusi tunayo kwa wingi hata bila kinasaba.

Jongoo, huyo mwigizaji unayemsema ni Angelina Jolie, alitangaza Mei 2013. Alikuwa na BRCA1 hiyo hiyo, na mama yake alikufa na miaka 56. Kinasaba hakijui nani mwigizaji nani mchambua karafuu.

Lakini nisiwatie watu khofu: saratani nyingi za matiti si za kurithi. Ni kama 5 mpaka 10 tu katika 100. Mtu asitoke hapa akaona kwa kuwa bibi yake aliumwa na miaka 75 naye akatafute kisu.

#5 Jongoo la Mji

Sawa bibi nesi. Lakini kwa hesabu yako mwenyewe, 72 wanapata. 28 hawapati. Hao 28 mkishawakata mtawarudishia?

#6 Nesi Mstaafu

Swali zuri kuliko la kwanza. Hawarudishiwi. Na hakuna anayeweza kumwambia yuko kwenye 72 au kwenye 28. Ndo maana daktari mwenye adabu hasemi "kata". Anakupa hesabu na anakuacha ukalale nayo.

#7 Bi Mtama

Nimefika shoga. Aliyepitia ni mie.

BRCA1, nilikatwa India 2019, nilikuwa na miaka 37. Sikuwa mgonjwa. Dada zangu wawili ndo waliokuwa wagonjwa, mmoja hayupo.

Watakwambia mengi kuhusu kisu. Kisu huna habari nacho, unalala nusukaputi unaamka kishapita. Shida ni mipira. Kila upande unatoka mpira mwembamba wa kutoa maji, chini yake kuna kichupa cha plastiki kama komamanga, unakivuta na kukimwaga na kuandika kipimo mara mbili kwa siku. Mie nilikaa navyo siku kumi na mbili. Havina pa kuwekwa. Ukiviachia vinavuta kidonda, ukivishika mkono umekwisha. Mama alinishonea vifuko viwili kwa kanga kuukuu na kamba ya kuvaa shingoni. Wauguzi wa kule waliviona wakataka waonyeshwe vinavyoshonwa. Ukenda, nenda navyo.

Wiki za mwanzo huinui ndoo, huchani nywele, hufungi sidiria (hata hivyo ya nini), hufungui pazia la juu. Kitanda kiwe na mito mingi, utalala chali kama umeketi. Mtu wa kukuogesha awe mtu ambaye humuonei haya.

Halafu kuna jambo hukuti mtu analisema: ganzi. Kifua changu mpaka leo hakina hisia, kuanzia kwapa mpaka kwapa. Siku moja nimesimama jikoni napika, nimeegemea sufuria ya mchuzi, nimeunguza ngozi mpaka harufu ndo imenishtua. Mwanangu akija kunilalia kifuani namuona kuwa kalala, simhisi. Hilo liliniliza kuliko kovu.

Kujenga upya nilikataa. Kuna wanaotiwa mifuko ya silikoni, na hiyo si ya maisha, huenda ukaja kurudi kubadilishwa. Kuna wanaochukuliwa nyama ya tumbo, oparesheni ya masaa mengi. Kuna pia wanaoachiwa chuchu yao na kutolewa nyama ya ndani tu. Mie nikasema nifungeni, nipo na dera na mtandio, nani atajua.

Nilijua mwenyewe. Nguo zilikuwa zinaning'inia. Nikajishonea: kitambaa laini cha pamba, ndani mtama. Mchele mzito na una kona. Pamba nyepesi, inapanda mpaka shingoni ukiinama. Mtama unakaa kama ziwa linavyokaa, ukilala unalala nao. Uanike juani kwanza usije ukaota kwa jasho, ubadilishe kila baada ya miezi. Kibaba kimoja kinatosha mawili.

Najuta? Sijuti. Nalia mara moja moja? Naam.

#8 Mwana wa Wete

Bi Mtama nimeisoma hii nimejifungia chooni. Ahsante. Mume ilikuwaje? Samahani kama nauliza sana.

#9 Bi Mtama

Yuko. Alinisindikiza mpaka mlango wa chumba cha oparesheni. Lakini miezi mitatu baadaye alikuwa akizima taa kwanza kisha anaingia chumbani. Nikamwambia iwashe, uone, umalize. Akawasha. Tukaendelea na maisha.

#10 Mwana wa Wete

Wangu aliposikia hakusema kitu siku nne. Anakwenda baraza anarudi anakula analala. Siku ya tano kauliza, "Na huyu atanyonya nini?" Basi. Sijui ilikuwa ni kukataa au ni kuuliza.

#11 Ustadhi Mdogo

Mie si mufti, ni mwalimu wa chuo tu huku Chake, kwa hivyo mnachosikia hapa si fatwa.

Wengi wanashika lile la kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu. Niliyoyasoma ni kuwa wanavyuoni wanatenganisha anayejibadilisha kwa kutafuta uzuri na anayeondoa madhara. Mtume (S.A.W.) kasema jitibuni enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Na yule bedui aliyeuliza amfunge ngamia au ategemee, kaambiwa mfunge kisha tegemea. Jongoo asidhani tawakkul ni kumwacha ngamia.

Lakini kukata kiungo kizima kwa maradhi ambayo hayajafika ni masala mazito, na wapo wanaotaka uwe na dhana yenye nguvu, sio wasiwasi. Hiyo 72 katika 100 ndo ya kupelekwa kwa wenye elimu. Nenda Ofisi ya Mufti na karatasi ya daktari mkononi, usende na maneno matupu.

Na kwa mumeo. Suratul Baqara aya 233 inasema miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Aya hiyo hiyo inasema wazazi wakitaka kumwachisha kabla, kwa kuridhiana na kushauriana, hapana kosa. Kushauriana, dada. Swali lake ni mwanzo wa mashauri, mjibu.

#12 Dawa za Kisunna Chumbuni

Habasoda na asali ya nyuki wadogo asubuhi siku 40 jeni linakauka. Nipo inbox.

#13 Nesi Mstaafu

Kinasaba hakikauki, kimeandikwa katika kila chembe ya mwili wako. Habasoda kula kwenye mkate. Msimamizi atoe hii.

#14 Baba Watatu

Nimechelewa lakini nina neno, na nyote hamjalisema. Mwana wa Wete, una kaka?

Nauliza kwa sababu kwetu sisi ilipita kwa baba. Shangazi zangu watatu waliumwa, watu wakasema hao wa upande wa baba, kwa watoto wa Baba Watatu haihusu. Hospitali moja niliyokwenda hata fomu iliuliza "mama, dada, bibi mzaa mama" na ikaishia hapo. Miaka sita imepotea hivyo. Kumbe mwanamme anabeba sawasawa na mwanamke, na anapitisha kwa mtoto sawasawa, nusu kwa nusu. Mie nina BRCA2. Binti yangu mkubwa anayo, ana miaka 26.

Na sisi wenyewe hatuko salama. Wanaume wa BRCA2, mpaka 7 katika 100 wanaweza kupata saratani ya titi, na tezi dume huja mapema na kwa ukali. Siku hizi nnapimwa damu ya tezi dume kila mwaka. Nikiwaambia wenzangu barazani kuwa nimepimwa titi wanapasuka kwa kucheka. Nawaacha wacheke, kahawa nanywa.

Jengine la kwetu visiwani. Tunaoana binamu kwa binamu. Kuoana huko hakuleti BRCA, msije mkawazuia watu harusi. Lakini wote wawili wakiwa wabebaji wa BRCA2, mtoto mmoja katika wanne anaweza kupata nakala mbili mbovu, na huyo huzaliwa na maradhi makubwa ya damu yanayoitwa anemia ya Fanconi. Kwa hivyo kama ukoo unajulikana unayo, wanaochumbiana ndani ya ukoo wapime. Si aibu, tunapima sikoseli siku zote.

#15 Mwana wa Wete

Nina kaka mmoja, yuko Micheweni. Ana watoto wanne, wote wa kike. Sikumfikiria hata mara moja. Tulimwambia "haya ya wanawake".

#16 Kijana Ughaibuni

Nnasoma nje, mambo ya maabara. Naongeza mawili.

Moja, bei. Zamani kampuni moja ya Marekani ilikuwa na hataza ya BRCA1 na BRCA2 zenyewe, yaani kana kwamba wamevumbua kitu kilichomo mwilini mwa bibi yako. Kipimo kilikuwa zaidi ya dola 3,000. Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kinasaba cha asili hakimilikiwi, maabara nyengine zikaingia, leo vipo vya dola mia chache. Na familia ikishajua mgonjwa wake ana hitilafu gani hasa, ndugu wengine hupimwa nukta hiyo moja tu, rahisi zaidi. Ndo maana apimwe mgonjwa kwanza. Mzima akianza yeye na majibu yakatoka "hakuna", hujui kama kweli hakurithi au hilo la kwenu halijulikani bado.

Pili, Iceland. Kisiwa kama sisi, watu wachache, nasaba zao wameziandika karne na karne. Huko kuna hitilafu moja ya BRCA2 iliyotoka kwa mzee mmoja wa zamani na imesambaa, na 2018 ilifunguliwa tovuti, raia aliyetaka aliomba humo aambiwe anayo au hana. Nikifikiria koo za Pemba, watu wanavyojua mpaka babu wa saba alitua bandari gani, nusu ya kazi tunayo mdomoni.

#17 Nesi Mstaafu

Kijana kasema vyema. Nami niongeze: yapo majibu ya tatu. Si "unayo" wala "huna" bali "kuna herufi imebadilika na hatujui maana yake". Waafrika tunayapata haya zaidi kwa sababu kumbukumbu nyingi za dunia zimejengwa kwa damu za Wazungu. Mtu asikatwe kiungo kwa jibu la namna hiyo. Nimesikia waliokatwa.

#18 Mwani wa Paje

Sasa mie. Sikutaka kusema lakini Baba Watatu kanipa moyo.

Nina BRCA2 na sikukata. Nina miaka 41. Nimechagua kulindwa kwa vipimo: daktari ananishika maziwa kila miezi sita, na kila mwaka MRI (picha ya sumaku) na mamogramu (eksirei ya maziwa), nazipanga zipishane miezi sita ili nisikae mwaka mzima gizani. Nilisoma kuwa Waholanzi walilinganisha waliokatwa na waliokuwa wakipimwa vizuri: kwa BRCA1 waliokatwa walinufaika kwa uhai, kwa BRCA2 pengo lilikuwa dogo mno. Nikaona nisubiri.

Lakini niwaambie kupima ni nini. MRI ya maziwa si ile ya mgongo. Unalala kifudifudi, maziwa yanaingia kwenye kifaa chake maalumu, unachomwa dawa ya kung'arisha, kama nusu saa usitikisike. Mkienda popote ulizeni kwa simu kwanza: "Kifaa cha maziwa mnacho?" Mie nilishafunga safari na nauli ya boti na gesti siku mbili, nikafika naambiwa mashine ipo, hicho hakipo. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikala embe nikarudi kwetu.

Na ile wiki ya kusubiri majibu. Mwani naufunga vibaya, kamba zinakatika, mume haniulizi kitu. Mwaka juzi waliona kivuli wakatoa kinyama wakapeleka maabara, siku kumi na moja. Hakikuwa kitu. Kukata unalia mara moja. Hivi nnalia kila mwaka wiki moja. Nimechagua hili kwa sababu hisia zangu nazitaka.

Kuna pia vidonge, tamoksifeni, miaka mitano. Vinapunguza, hasa kwa BRCA2. Mie vilinipa joto la usiku nikaviacha, wengine wanaviweza.

#19 Jongoo la Mji

Nimesoma yote. Nafuta lile la kwanza nililosema. Bi mkubwa wangu alikufa na tumbo kama la huyo mama mkubwa. Miaka 49. Nalo tulisema karogwa.

#20 Nesi Mstaafu

Jongoo, Mungu amrehemu. Na umefungua mlango nilioungoja.

Tangu juzi mnasemea maziwa. Sababu ziwa linaonekana, linaposwa, linanyonywa, lina mashairi. Ovari haina shairi. Lakini Mwana wa Wete, kwako wewe ovari ndo inayonikosesha usingizi. Ziwa lina mamogramu, lina MRI, lina mkono wa daktari. Ovari haina kipimo cha kuaminika. Altrasaundi na kile kipimo cha damu cha CA-125 vimejaribiwa kwa miaka na havikuonyesha kuokoa watu, mara nyingi likionekana lishasambaa tumboni kama la mama yako mkubwa. Kwa hivyo ushauri wa madaktari kwa mwenye BRCA1 ni kutoa ovari na mirija baina ya miaka 35 na 40, akishamaliza kuzaa. BRCA2 anaweza kungoja mpaka 40 au 45. Mirija nayo itoke, maana nyingi za saratani hizi inaonekana huanzia humo. Jolie huyo huyo alirudi 2015 akatolewa ovari na mirija, lakini hilo watu hawakulipigia kelele.

Nacho kina bei yake. Hedhi inakatika siku hiyo hiyo, si polepole kama kwetu wazee. Joto, usingizi kuruka, ukavu, mifupa kudhoofika, moyo. Asiyewahi kuumwa saratani daktari anaweza kumpa homoni kwa muda, waulize.

Kukata maziwa kunapunguza hatari kwa 90 katika 100 au zaidi. Haifiki sifuri, nyama kidogo hubaki chini ya ngozi na kwapani. Ukinikamata koo nikupangie mie, ningesema ovari ziwe na tarehe, maziwa yawe na mjadala. Lakini mie si wewe.

#21 Bi Mtama

Nesi kasema kweli. Mie za ovari nilitoa mwaka uliofuata. Joto lake! Nilikuwa nalala kwenye sakafu ya saruji ukumbini na kanga moja, paka wananishangaa.

#22 Mwana wa Wete

Wapendwa, zimepita wiki saba. Nilisema nitarudi.

Nilimjibu mume wangu swali lake. Nilimsomea aya aliyoitaja ustadhi, nikamwambia tushauriane. Kumbe mtu alikuwa na khofu tupu. Mama yake mwenyewe alikufa yeye akiwa bado ananyonya, kalelewa kwa maziwa ya kopo, na hilo hajawahi kunieleza miaka kumi na mbili ya ndoa. Tumekubaliana mtoto atimize miaka yake miwili. Inaangukia Mfunguo Saba. Daktari naye karidhia, kasema maziwa lazima yakauke kwanza ndipo wakate, hawakati katika maji. Nimepimwa kwa sasa, safi, alhamdulillah, ingawa kasema ziwa linalonyonyesha ni gumu kulisoma kwenye picha.

Ovari nimezipa tarehe kama alivyosema Nesi. Kabla sijatimiza 37. Maziwa nimeamua, nnakata. Si kwa ajili ya 72 ile. Ni ule mkono wa mama ubavuni. Nimejikuta nami naubana wangu nikiwa naosha vyombo, na binti yangu wa miaka tisa kaniuliza kwa nini.

Yeye sitompima, nishauliza, watoto hawapimwi. Atapima mwenyewe akishakua, akitaka.

Kaka kaja kutoka Micheweni na boti ya usiku. Hakusema mengi. Tumevuka naye Dar pamoja, kakunja mkono wa kanzu kabla hata hajaitwa jina. Majibu bado. Njia nzima kurudi alikuwa anaangalia picha za watoto wake kwenye simu, moja moja, mpaka chaji ikesha.

Ofisi ya Mufti nimekwenda na karatasi, kama nilivyoelekezwa. Nimesikilizwa vizuri, na yaliyosemwa ni yangu.

Bi Mtama, una kazi. Nilimueleza bibi habari za vifuko na mtama. Jana nimepigiwa simu nishuke bandarini kuna mzigo wangu kutoka Pemba. Pakacha zima, limeshonwa mdomo kwa ukindu, pishi mbili za mtama, umeshapepetwa. Ndani kaweka na kanga kuukuu ya mama, ile ya kuchambulia karafuu. Kapiga simu kuuliza kama utatosha.

#23 Bi Mtama

Pishi mbili! Huyo bibi anatushonea mtaa mzima. Kanga usiikate mpaka nije, nishakaa na mkasi. Utakaobaki tutapika uji.